Upande wa Kushoto wa Darasa Langu

Vijana wangu wa chaki, nasikia ofisi imewaambia kila mmoja afanye utafiti wa darasa lake mwenyewe kabla shule hazijafungwa, na tangu Jumatatu chumba cha walimu kina sura za matanga. Mmoja wenu amenipigia simu kuniuliza kama mimi mstaafu nina ripoti ya zamani anayoweza kuiazima abadilishe jina. Ninayo. Haiazimwi. Ni ukurasa mmoja uliochanwa kwenye daftari la mraba, una vijistari arobaini na kimoja, na sehemu kubwa ya ukurasa huo ni tupu. Nataka kuwaeleza habari za huo utupu.

Kwanza mnijue. Kabla ya ualimu nilifanya kazi soko la Gikomba, Nairobi, nikigonga bati kutengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Miaka minane, asubuhi hadi jioni, nyundo mkono wa kulia, bati begani kushoto. Nimetengeneza masanduku ya kutosha kupeleka nchi nzima bweni, na Uganda nusu. Siku moja nikajiuliza mbona kila mtu anakwenda shule na sanduku langu isipokuwa mimi. Nikajiandikisha madarasa ya jioni katika ukumbi mmoja kule Majengo, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na miaka ishirini na tisa na ndevu kumshinda mwalimu. Kisha chuo cha ualimu, kisha Kayole, shule moja, hadi nilipostaafu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimefundisha hapo miaka kumi na tisa. Darasa langu la sita lilikuwa na watoto elfu tatu. Nikipunguza chumvi, sabini na mmoja. Madawati yalibanana hivi kwamba mtoto wa nyuma akipiga chafya, wa mbele alifuta shingo. Na mimi nilikuwa mwalimu mzuri sana. Hili niliambiwa na mtu ninayemwamini kuliko wote, yaani mimi.

Sasa, muhula wa tatu ulikuwa unaelekea ukingoni, na mimi nilikuwa nimeandika orodha ya watoto watano wa kurudia darasa la sita. Msiniulize kama sheria iliruhusu. Orodha ilikuwa inaandikwa, mzazi anaitwa, mzazi anakubali, na kila mtu anajifanya wazo lilikuwa la mzazi. Jina la tatu kwenye orodha lilikuwa Nekesa, msichana mwembamba aliyekuja katikati ya mwaka. Mbele ya jina lake niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa madarasa ya jioni: *Mzito. Hajibu.*

Mama Nekesa alikuja Jumatano, amevaa dasti koti ya kiwandani, akitoka zamu Industrial Area akaja moja kwa moja. Nikamsomea uamuzi. Hakupiga kelele.

"Mwalimu, huyu nyumbani ndiye ananisomea barua. Ndiye anapigia hesabu duka la jirani. Huyu unayesema ni nani?"

"Mama, darasani hajibu."

"Hajibu nini?"

"Maswali."

Akasema, "Baba yake amesema mtoto wa kurudia harudii Nairobi. Atarudi Webuye kwa nyanyake. Na kule, mwalimu, shule iko mbali na ng'ombe wako karibu. Unaelewa?"

Nilielewa. Nikamwambia nitaangalia. Mnajua maana ya nitaangalia. Hata mama Nekesa alijua, kwa jinsi alivyoaga.

Chai ya saa nne nikalalamika. Nikasema darasa la mwaka huu limenishinda, na kwamba kuna watoto ukiwauliza swali ni kama umeuliza ukuta. Kwenye kona alikuwa Mwalimu Mueni, mama wa Machakos, mwalimu wa hesabu aliyetembea na kiti chake cha plastiki shule nzima kwa sababu, alisema, viti vya serikali vinauma. Mueni hakuinua macho kwenye andazi.

"Musyoka, umejuaje hawajui?"

"Nawauliza."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Nawauliza wote."

"Wote sabini na mmoja?"

"Wote."

"Haya. Nitakuja na kiti changu."

Vijana, hapo ndipo utafiti unaanzia. Haukuanzia kwa fomu. Ulianzia kwa mtu mmoja kukataa kuniamini. Mkitafuta wa kuwaangalia mkifundisha, msichukue rafiki, atawasifu. Msichukue adui, atawachongea. Chukueni mtu wa hesabu mwenye kiti chake.

Alikaa nyuma, akachora madawati yote kama vijisanduku, akaandika jina kwenye kila kijisanduku. Kila nilipomuuliza mtoto swali, au kumjibu, alipiga kijistari kwenye sanduku la mtoto huyo. Basi. Hakuandika kama somo ni zuri wala kama shati langu limepigwa pasi, ingawa lilikuwa limepigwa, kwa ajili yake. Mimi nilifundisha siku hiyo kama ninayehutubia bunge. Kengele ilipolia nilikuwa nimelowa jasho, nikamfuata nikitarajia pongezi.

Akanipa ukurasa. Vijistari arobaini na kimoja. Vyote vilikuwa kwenye masanduku tisa. Masanduku tisa yote yalikuwa upande wa dirisha. Monita peke yake alikuwa na kumi na kimoja.

"Huyu monita," Mueni akauliza, "mnaishi naye?"

Upande wa mlango ulikuwa mweupe. Madawati mazima, watoto zaidi ya thelathini, hakuna hata alama ya kalamu kuteleza.

Nikajitetea. Nilikuwa na majibu mengi kuliko somo lenyewe lilivyokuwa nayo. Nikasema upande wa mlango ni wa watoto wazito, ndiyo maana hawainui mikono. Mueni akaitisha ile orodha yangu ya watano. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza, kisha kwenye ramani. Jina la pili, ramani. Akaenda hivyo mpaka la tano. Wote watano walikaa upande wa mlango. Wote watano walikuwa weupe.

"Labda wazito wanapenda mlango," nikasema.

"Labda. Wahamishe tuone."

Hilo nalo liandikeni: badilisha kitu kimoja tu. Mimi nilitaka kubadilisha madawati, kitabu, chaki, na kama ingewezekana wazazi. Mueni akakataa. Akasema nikibadilisha vitu vinne sitajua ni kipi kilifanya kazi, nitabaki nikishukuru vyote kama mganga. Kwa hiyo Jumatatu nilifanya jambo moja. Wa dirishani wakaenda mlangoni, wa mlangoni wakaja dirishani. Sikuwaambia sababu. Kuhama kwenyewe kulichukua somo zima na kulihitaji majeshi ya nchi mbili.

Alhamisi Mueni akaja na kiti. Nilikuwa nafundisha jinsi maji yanavyokauka. Nikauliza kwa nini kwenye haya magorofa yetu, nguo za orofa ya tano hukauka kabla ya zile za orofa ya kwanza. Kutoka dirishani, sauti ndogo:

"Ni upepo, mwalimu. Huku chini majumba yamezibana, upepo haupiti. Na huko juu jua linafika mapema. Lakini ukianika juu bila vibanio, hutazikuta."

Darasa likacheka kidogo, la kawaida, kama watu wanaocheka na mtu waliyemzoea. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Ilikuwa Nekesa.

"Kumbe unajua?" nikamwambia.

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukuwa unajibu?"

Akaniangalia kama anayetafuta adabu ya kutosha kwa jibu lile. "Nilikuwa najibu, mwalimu."

"Lini?"

"Siku zote."

Nilisema asante, nikageukia ubao, nikaandika neno *mvuke* mara mbili.

Baada ya somo Mueni akanipa ramani ya pili. Vijistari vimerudi dirishani vilevile, lakini sasa juu ya majina mengine. Upande wa mlango, walikohamia mabingwa wangu, mweupe. Monita wangu wa vijistari kumi na kimoja alikuwa na sifuri.

"Monita ameharibika kichwa," nikasema. "Siku nne tu. Labda ni malaria."

"Monita alikuwa ameinua mkono somo zima," akasema Mueni. "Mara mbili alijibu bila kuitwa. Jibu sahihi."

Nikasema basi ni yule fundi wa kuchomelea madirisha nje ya geti, kelele zake huingia kwa mlango. Mueni akasema fundi amesafiri tangu Jumanne. Nikasema ni mwangaza. Nikasema ni sakafu, ina shimo. Nilikuwa naelekea kuitaja serikali nilipoona Mueni ametoka mbele yangu. Nikageuka, nikamkuta amesimama karibu na bega langu la kushoto, uso umetulia kama wa mtu anayengoja mganda wa sukuma wiki sokoni.

"Unasemaje?" nikamuuliza.

"Musyoka, nimekutukana mara tatu sasa. La tatu limemgusa mama yako."

Hivyo ndivyo nilivyogunduliwa kuwa kiziwi wa sikio la kushoto. Daktari baadaye aliangalia ndani akauliza nilifanya kazi gani ujanani. Nikamwambia elimu, upande wa masanduku. Nilikuwa nimeishi na sikio lile miaka yote nikidhani watu walio kushoto kwangu ni wapole.

Msinicheke sana. Mtu akiwa kiziwi ghafla atajua. Akiwa kiziwi polepole, anaona dunia inapunguza adabu, inanong'ona. Na mwili wangu ulikuwa umeshapanga mambo bila kuniarifu. Nilisimama nimeelekeza sikio zuri kwa dirisha, macho yakafuata sikio, maswali yakafuata macho. Mtoto wa kushoto akijibu, sikusikia. Nikaandika hajibu.

Sasa orodha. Siku ya kufunga shule ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaichukua. Nikaenda kuiomba.

"Kwa nini?" akauliza.

"Naifanyia utafiti."

"Utafiti hufanywa kabla ya kuandika, Musyoka."

"Ndiyo maana nimeona nianze sasa."

Akanipa hadi Alhamisi. Akasema sio siku moja zaidi, na kwamba barua ya mama Nekesa ilikuwa tayari kwenye droo, imebaki muhuri.

Mueni akaniletea mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa visoda sabini na kimoja, vile vifuniko vya chupa za soda, kila kisoda na namba ya mtoto kwa wino wa kudumu. Unauliza swali, unangoja, unachota kisoda, namba iliyotoka ndiyo inajibu, na wewe unaenda ukasimame karibu naye, sikio la kulia mbele. Rahisi. Ila mimi sikuamini visoda. Nilikuwa nachota, naona namba ya mtoto ninayemdhania mzito, nakirudisha kama kimenichoma, nachota kingine. Mueni akaja na ramani ya tatu, na pembeni ameandika: *Amechota mara kumi na tisa. Amerudisha saba.* Nilikuwa nimeiba mchezo nilioucheza peke yangu.

Hata kungoja hakukuwa rahisi. Mueni alisema nihesabu tano kimoyomoyo kabla ya kuchota, ili kila mtoto apate muda wa kufikiri, maana anaweza kuwa yeye. Siku ya kwanza nilihesabu kwa sauti. Siku ya pili nilihesabu kimya lakini polepole, macho nimeyatoa, na mtoto mmoja wa mbele akamnong'oneza mwenzake, "Ticha amezimika, si mtu aite ofisi." Hilo nilisikia. Lilitoka kulia.

Siku ya tatu mkono ukatulia, na Mueni akachora ramani ya nne. Sasa sikilizeni matokeo, kwa maana hapa ndipo watu hudanganya kwenye ripoti. Wale watano sikuwakuta wote ni maprofesa. Watatu walijibu vizuri kama mtu yeyote wa dirishani. Mmoja, mvulana, hakuwa anajua kusoma, kabisa, na alikuwa amejificha kwenye ule weupe wangu mwaka mzima kama mtu aliyejifunika blanketi. Huyo hakuhitaji kurudia, alihitaji mtu akae naye, na Mueni alikaa naye kila mchana kwa kile kiti. Aliyebaki alikuwa Nekesa. Visoda vilimtaja mara sita siku hizo. Alijibu sita.

Alhamisi nikaingia ofisini na ramani nne. Mwalimu mkuu akaziangalia kama anayeangalia eksirei ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo tufute wote watano?"

"Wote."

"Sababu? Hapa kwenye fomu pana nafasi ya sababu."

"Andika, mwalimu hakusikia."

Akaniangalia. Akaangalia fomu. "Hiyo haingii. Fomu inataka sababu za mtoto."

"Mtoto hana sababu."

Mwishowe akaandika *sababu za kiufundi*, akapiga mstari juu ya majina, akatoa ile barua kwenye droo akaichana mara mbili, kwa uangalifu, kama cheki. Nikampigia simu mama Nekesa. Alikuwa kazini, mashine zinanguruma nyuma yake, nikalazimika kurudia mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Nimesikia, mwalimu. Nilisikia mara ya kwanza. Nilitaka tu urudie." Nekesa akavuka, akafika hadi sekondari, na ng'ombe wa Webuye wanachungwa na wengine.

Ningeweza kukomea hapo, na ripoti yenu mnaweza kuikomeza hapo, ofisi itafurahi. Lakini usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu mtu wa hesabu akishakufundisha kuhesabu huwezi kuacha. Darasa lile lilikuwa na mlango kushoto kwangu. Nikakumbuka mengine niliyofundishia. Moja lilikuwa na kabati kushoto. Jingine lilikuwa na ukuta wenye ramani ya Afrika. Nikawapanga kichwani watoto niliowaandika wazito miaka kumi na tisa, mmoja mmoja, nikawakalisha kwenye madawati yao. Walikaa wote upande mmoja. Wengine walikaa na kabati, wengine walikaa na Afrika.

Mmoja nilijua pa kumpata. Ouma nilimrudisha darasa la sita miaka yangu ya mwanzo, akarudia nusu mwaka, akaacha shule. Sasa alikuwa na bucha Soko la Burma, na mimi nilikuwa mteja wake wa kila Jumamosi. Kila nilipofika, Ouma aliacha kisu, akatoka nyuma ya meza, akazunguka mpaka upande wangu wa kulia, ndipo akanisalimia. Wateja wengine aliwasalimia akiwa palepale kwenye mizani. Nilikuwa nadhani ni heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, na nilikuwa nikimsifia nyumbani.

Jumamosi ile nikaenda mapema kabla watu hawajajaa. Nikamkuta anapanga mbavu kwenye ndoano. Nilikuwa nimefanyia hotuba mazoezi njia nzima kutoka Kayole, hotuba ya muda wa saa tisa na nusu, yenye utangulizi. Ikatoka hivi:

"Ouma, nilikurudisha darasa kimakosa. Ulikuwa unajibu. Mimi sikuwa nasikia upande huo."

Akaendelea na mbavu. Akatundika moja, akatundika ya pili.

"Najua, mwalimu."

"Unajua nini?"

"Hilo sikio. Si tulijua wote. Ile pande yako ya kushoto tulikuwa tunaiita Likizo. Mtu akiwa hajafanya homuwaki anahamia Likizo, huko ticha hafikangi." Akacheka kidogo. "Shida ni sisi tulikuwa tumewekwa huko mwaka mzima."

"Na hamkuniambia?"

Hapo akaacha nyama, akafuta mikono kwa aproni. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu, sikio ni lako. Tulidhani unajua."

Watoto sabini kwa mwaka, miaka kumi na tisa, na kila mmoja wao alikuwa na yale matokeo niliyoyatafuta kwa ramani nne. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Basi kabla hamjachora kijisanduku chochote, wapeni watoto karatasi zisizo na majina, muwaulize mnafanya nini msichojijua. Kisha msome zote, hata za mwandiko mbaya.

Ouma alirudi kwenye meza yake, akachukua kisu. Halafu akakiweka. Akatoka, akazunguka, akapita nyuma yangu, akaja akasimama kulia kwangu, kama kila Jumamosi.

"Leo nikukatie nini, mwalimu?"

Nikahesabu tano kimoyomoyo kabla ya kujibu. Akangoja.